Siki ya Trena, Ngoma ya Mitre

2 Septemba

Nimepimwa zahanati. Kilo mia moja ishirini na nne. Nesi Ljuba alisoma kwa sauti utadhani anatangaza mshindi wa bahati nasibu, foleni nzima ikageuka kunitazama. Nikawainamia kama mwimbaji jukwaani. Mtu ukishaendesha lori kutoka Istanbul mpaka Goteborg miaka ishirini na miwili, ukala kwenye kila kibanda kilichoko njiani, huwezi kuona haya mbele ya vikongwe wenye maumivu ya magoti.

Lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Nimechukua daftari la zamani la Despina, kurasa za mwanzo zina hesabu zake za darasa la nne, na zote kapata. Mimi na shule tuliagana kwa amani darasa la saba, kwa hiyo asije mtu hapa na kalamu nyekundu.

Sababu ya kuandika ni hii. Despina, mwanangu wa pekee, anaolewa Jumapili inayofuata sikukuu ya Mitrovden mwezi wa Novemba, matufaha yakishamalizika mashambani. Na kijijini kwetu mzazi mwenye harusi ndiye anayeongoza Mzito. Mzito ndilo jina la mchezo wenyewe. Zumari mbili zinalia, ngoma inanguruma, wanaume wameshikana mabega wanacheza polepole kama watu wanaovuka mto wenye mawe ya utelezi. Mwishoni mpiga ngoma anapiga goti, analaza ngoma chini, na kiongozi anaipanda. Anasimama juu yake kwa mguu mmoja. Asipopanda, mchezo haujaisha, hata kama watu wameshakwenda kula.

Jioni nikamwendea Mitre, mpiga ngoma. Alikuwa barazani anajikuna mgongo kwa mwiko.

"Mitre, ndugu yangu, harusi inakaribia."

"Nimesikia."

"Nitapanda ngoma."

Akanitazama kuanzia viatuni mpaka kofiani, na safari hiyo ilimchukua muda. "Naum, ile ni ngozi ya mbuzi. Si daraja."

"Wewe unaniogopesha na mbuzi? Mimi nimepita milima ya Alps na tani ishirini."

"Basi nenda ukazipande hizo Alps. Ngoma yangu, kilo mia na kumi. Ukizidi hata kwa punje ya ngano, utacheza chini na kuku."

Huyu Mitre ni mkavu kama kuni, roho yake kavu vilevile. Lakini lazima niwe mkweli hapa, maana daftari halicheki. Siku ya harusi yangu mimi, marehemu ami Sotir alikuwa amejaa rakija, pombe kali ya matunda, mpaka masikioni. Baba alikuwa ameshainua mguu apande, ami akamruka, akatua juu ya ngoma kwa miguu yote miwili, akatoboa mpaka magotini. Mitre alikuwa na miaka kumi na saba, ndiyo mara yake ya kwanza kushika ngoma ya baba yake. Alilia. Watu wote walicheka, na baba akabaki na mguu hewani. Akaushusha taratibu, akacheka pamoja na wengine. Mimi nilimwona uso. Masika yaliyofuata tukamzika.

Kwa hiyo nitapanda.

3 Septemba

Mke wangu Vasilka anachoma pilipili hoho uani kwa ajili ya ajvar, rojo ya pilipili ya msimu. Harufu imepanda mpaka Mlima Pelister. Nimeonja moja. Sita. Na mkate.

5 Septemba

Dawa imepatikana! Shangazi Trena, mjane wa ami Sotir huyohuyo, ana zaidi ya miaka themanini na anapanda ngazi ya mti wa tufaha kama paka. Nimemkuta mlangoni na bilauri ya maji yenye rangi ya chai.

"Shangazi, hiyo nini?"

"Siki ya tufaha. Kijiko kimoja kwenye maji, kila asubuhi, tangu nilipoolewa."

"Ndiyo maana huna mafuta!"

"Sina mafuta kwa sababu ami yako alikuwa anakula chakula chote."

Sikumsikiliza. Kule Bavaria kulikuwa na dereva mwenzangu alikuwa anaapa kwa siki ya tufaha: inayeyusha tumbo, inasafisha damu, inarudisha ujana. Nikamwambia anigawie mama wa siki, ule utando mzito unaoelea pipani kama maini, ndio unaogeuza maji ya tufaha kuwa siki. Trena akanikazia macho.

"Wewe mtoto umelelewa wapi? Mama wa siki hagawiwi. Akigawiwa anakufa. Anaibwa." Kisha akapaza sauti kama anazungumza na ziwa lililoko chini ya kijiji: "Mimi sasa nakwenda kuangalia kuku! Mlango wa ghala nimeuacha wazi, usahaulifu wa uzee huu!"

Nikaiba. Kilo zote hizi nikatembea kwa kunyata, naye akawa anakohoa kule bandani ili nijue alipo. Nilipotoka na mtungi kifuani akasema, bila kugeuka, "Mwizi mwenyewe anahema kama trekta." Na siki iliyo tayari akaniachia chupa nne mlangoni, hizo ni halali, hizo si mama.

9 Septemba

Kijiko kimoja ni dozi ya kikongwe wa kilo arobaini na nane. Mimi nakunywa kikombe cha kahawa, bila maji, mara tatu kwa siku. Inashuka kama moto wa gesi. Nikaongea na Vasilka, akasema ninanuka saladi.

13 Septemba

Andikeni tarehe hii! Leo tumepeleka matufaha ya mwanzo kwa Spase, mnunuzi, kwenye kituo chake pale barabarani. Kreti zikishushwa kutoka trelani, nikaruka juu ya bamba la mizani, kwa mzaha tu, mbele ya wakulima wote.

Spase mwenyewe akasoma: "Mia moja na kumi na mbili."

"Soma tena."

"Mia na kumi na mbili, Naum. Shuka, hutanunuliwa, umeiva kupita kiasi."

Kilo kumi na mbili! Siku kumi na moja! Madaktari wa mji mkuu, Skopje, wanasoma miaka sita, wanavaa koti jeupe, wanakuambia tembea, acha mkate. Naum wa darasa la saba ameiba utando mmoja kwa kikongwe na amelishinda bara zima la Ulaya. Nilirudi nyumbani napiga honi njia nzima. Nikamnyanyua Vasilka nikamzungusha.

"Nishushe, utavunjika mgongo! Mbona tumbo lako bado kubwa vilevile?"

"Wewe ndiye umezoea," nikamwambia.

16 Septemba

Trena ameibiwa mara tisa tangu Jumapili. Anasema kuku wake sasa wameangaliwa kuliko kuku wote wa Balkani. Wanawake wa kijiji kizima wanakunywa siki, na jioni wanapita kwa Spase kujipima, wanashuka kwenye mizani wanacheka kama wasichana. Mke wa padri kapungua kilo nane kwa siku tatu. Nikiingia dukani watu wananipisha. Nimeanza kutoa ushauri.

18 Septemba

Mvua.

19 Septemba

Mvua. Siki. Maharage ya kuoka, sahani moja. Kubwa.

27 Septemba

Mia na kumi na moja kwa Spase. Inakwenda polepole sasa, lakini simba anapokaribia swala naye hupunguza mwendo.

Mitre alikuwepo na trela lake. Akanishika pindo la koti.

"Naum, suruali inasemaje?"

"Suruali gani?"

"Hiyo uliyovaa. Mtu akipungua kilo kumi na tatu, suruali inadondoka. Yako kifungo kinaomba msaada."

"Imerudi kwa kufuliwa."

"Na mkanda nao umefuliwa?"

Wivu. Mtu mkavu akiona mwenzake anakonda anahisi ameibiwa kitu chake.

4 Oktoba

MIA NA TISA. Nimekwenda moja kwa moja kwa Mitre, nikasimama chini ya baraza lake nikaimba. Akatoka na mkate mkononi.

"Kwa mizani ya nani?"

"Ya Spase, mbele ya mashahidi."

Akatafuna. Akanitazama. "Neno langu ni neno langu," akasema, lakini kwa sura ya mtu anayempeleka mbuzi wake kwa kinyozi. Mimi nikaenda zangu. Baba angeniona!

6 Oktoba

Tumbo linawaka. Kooni kama nimemeza msasa. Sijachuma hata tufaha moja, nimelala kwenye kiti cha trekta kama siku zote lakini bila raha.

7 Oktoba

Nesi Ljuba kanifungua kinywa, kanusa, akarudi nyuma hatua.

"Unakunywa siki kavu?"

"Dawa ni kali ndiyo maana ni dawa."

"Unajichubua koo na kuyaozesha meno, mzee mzima! Kijiko kimoja kwenye bilauri ya maji, tena ukipenda. Na haiyeyushi mafuta, Naum. Labda itakusaidia kula kabichi badala ya mkate, basi, na hiyo ni kazi ya kabichi. Panda hapo."

Nikapanda kwa maringo. Nikamwambia afunge macho asije akazimia.

"Mia moja ishirini na moja."

Nikashuka. Nikapanda. Nikavua viatu. Nikamwambia mizani yake mbovu. Akapanda yeye, akampandisha na mlinzi wa mlangoni, kila mmoja akasoma uzito anaoujua. Mbovu nilikuwa mimi.

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwa sababu nilisahau kwamba nimekuja na trekta. Zaidi ya wiki nne za moto kooni, kilo tatu. Nitasema nini dukani? Nitasema nini kwa mke wa padri? Vasilka akaniwekea supu, hakuuliza. Nikamwambia yote. Nilidhani atacheka, nami nilikuwa tayari kucheka naye, ndivyo tunavyoishi. Hakucheka. Akakaa anasugua meza mahali ambapo hapakuwa na uchafu.

"Naum," akasema, "kama mizani ya Spase inakula kilo kumi na mbili kwako, inakula ngapi kwenye trela?"

Wallahi, mwanamke huyu. Mimi nilikuwa nalilia tumbo.

8 Oktoba

Nilikwenda kwa Mitre, si kwa mwingine. Sijui kwa nini miguu ilinipeleka huko. Labda kwa sababu ndiye pekee aliyeiuliza suruali. Nikamwambia, nikasubiri anikandamize kwa maneno. Akasema, "Baba yangu alinifundisha kusikiliza ngozi kabla ya kuipiga. Msimu huu wote kreti zangu zinalia nzito na Spase anazisoma nyepesi. Nikadhani nimezeeka mikono." Akainuka. "Nina saruji ya banda. Mifuko ya kilo hamsini, imefungwa kiwandani. Kesho."

Mtu huyu nimemjua maisha yake yote, na leo ndiyo mara ya kwanza nimemwona akitabasamu pande zote mbili za mdomo.

9 Oktoba

Nitaandika mpaka wino uishe.

Tulifika saa nne, trela lake na langu. Foleni ndefu, ukungu umeingia kutoka ziwani, Spase kavaa fulana yake ya kijani anagawa peremende kwa wanawake. Mitre akashusha mfuko wa saruji, akauweka kwenye bamba taratibu kama anamlaza mtoto.

"Hiyo nini?" Spase akauliza. "Sinunui saruji."

"Soma tu, mwanangu."

"Mitre, watu wanasubiri."

"Soma!"

Akasoma mtu mwingine, maana Spase alikuwa ghafla ameona kitu cha muhimu angani. Arobaini na tano. Mitre akaweka mfuko wa pili. Tisini. Foleni nzima ikaanza kufanya hesabu ya vitu vyake kichwani.

"Unyevu," Spase akasema. "Ukungu huu unaingia kwenye mashine."

Hapo ndipo mimi nikapanda. Nilikuwa nimejiandaa, nina sauti ya lori. "Jamani! Juzi nesi Ljuba kanipima mia moja ishirini na moja! Tazameni hapa: mia na tisa! Spase amekula kilo kumi na mbili za nyama yangu hai! Mimi niko hapa, ninahema, tumbo hili hapa, liguseni! Kama anaweza kumwibia mtu anayemtazama usoni, matufaha yasiyo na macho yatafanywa nini?"

Lo! Nimehutubia watu mipakani, nimebishana na maofisa wa forodha wa nchi kumi na tisa, lakini sijawahi kuona hotuba ikishika moto namna ile. Ila nilisahau jambo moja. Wanawake nao walikuwa wanafanya hesabu, na hesabu yao si ya matufaha tu.

"Yaani mimi sijapungua?" akauliza mke wa padri.

Akahesabu kwa vidole.

"Wiki tatu nakunywa siki! Nimeshapunguza gauni la harusi ya Despina!"

Akamvua Spase kofia, akamchapa nayo. Hapo wakamzunguka wote, kila mmoja anadai chake, huyu trela mbili, yule trela saba, na Shangazi Trena, aliyekuja tu kuona kelele ni za nini, akapenya katikati kwa kiwiko, mdogo kama chupa, akamwinulia kidole puani:

"Kilo za matufaha turudishie! Za makalio baki nazo!"

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye saruji. Kijiji kizima kilicheka, hata mke wa padri, hata Spase nusu, kwa woga. Na ukicheka pamoja huwezi tena kuogopa mtu. Kabla ya mchana alikuwa ameshakubali mbele ya wote: mkaguzi ataitwa kutoka mjini Bitola, mizani itanyooshwa, na kila aliyeleta matufaha msimu huu ataongezewa kilichomezwa.

Watu walipoanza kutawanyika, sauti moja ikapigwa kutoka nyuma: "Na ngoma je, Naum? Mia na ishirini na moja!"

Nikamtazama Mitre. Alikuwa anapangusa vumbi la saruji kiganjani.

"Neno ni lilelile," akasema. "Mia na kumi. Siku ya harusi, kwenye mizani hii ikiwa imenyooka, mbele yenu wote."

Nilitegemea nini? Anibusu?

11 Oktoba

Despina kaja kutoka mjini. "Baba, acha hayo mambo ya ngoma. Utacheza chini, tutafurahi vilevile." Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Kisha nikaenda ghalani nikamwangalia mama wa siki wangu kwenye mtungi wake. Anakua. Yeye angalau ananenepa bila lawama.

12 Oktoba

Mpango mpya. Sikai tena kwenye trekta. Nachuma.

13 Oktoba

Kila kiungo nilichonacho kimenikumbusha kwamba kipo.

15 Oktoba

Ngazi imevunjika chini yangu, kipago cha pili. Wachumaji wamepiga makofi. Nikainama kama mwimbaji.

20 Oktoba

Jua. Matufaha mekundu mpaka yanaonekana kama yamewashwa. Kijiko cha siki kwenye maji, kabichi yenye siki, samaki wa ziwani. Trena ananitazama nikinywa kwa kijiko na anatikisa kichwa: "Sasa unakunywa kama mtu. Nami nakuambia tena, haipunguzi kitu."

"Basi wewe unainywea nini miaka yote hii?"

"Naipenda. Inanikumbusha kwamba tufaha lililoanguka chini nalo lina kazi." Halafu akaona nimekuwa mpole, akaharibu makusudi: "Na inatoa gesi."

28 Oktoba

Baridi kali, nyasi nyeupe. Mkaguzi ameshainyoosha mizani. Mia na kumi na sita, za kweli. Suruali imeanza kusema. Nimeifunga kwa kamba ya kreti na ninatembea kijijini koti wazi ili kamba ionekane.

3 Novemba

Mia na kumi na tatu. Shamba limekwisha, mti wa mwisho niliuchuma mwenyewe. Siku sita zimebaki, na mwili umegoma kama punda darajani. Nimekaa kwenye ngazi. Vasilka akaja na kikapu, akakaa chini yangu.

"Unajua nilikuwa wapi ami yako alipotoboa ngoma?"

"Ulikuwa bibi harusi. Ulikuwa mbele."

"Nilikuwa namwangalia baba yako. Baadaye, watu walipokuwa wanakula, nilimkuta nyuma ya nyumba. Alikuwa amepanda juu ya gogo la kuchanjia kuni, kwa mguu mmoja, peke yake. Aliponiona akashuka, akasema anatafuta shoka."

Miaka yote hii hakuniambia. Nikamwuliza kwa nini.

"Aliniomba. Lakini naona sasa atanisamehe."

8 Novemba, Mitrovden

Leo ni siku ya jina la Mitre, sikukuu ya mtakatifu mwenye jina lake. Kwetu siku ya jina hualikwi. Mlango uko wazi, anaingia anayetaka, hata adui, na mwenyeji lazima ampe kiti. Nimeingia wa kwanza, kabla ya watu, na chupa ya siki badala ya mvinyo.

"Heri ya jina, Mitre. Uishi miaka mia."

"Kaa. Siki? Umekuja kunichachua?"

Akanimiminia rakija, nikagusisha mdomo tu. Ngoma ilikuwa ukutani. Kando yake, kwenye fremu, ameihifadhi ngozi ya zamani, na juu yake nikaona kiraka cha mviringo pale ami alipotoboa.

"Ngozi hiyo baba yangu aliipata kwa mbuzi wake mwenyewe," Mitre akasema. "Ami yako alipoitoboa, baba hakunichapa. Alisema tu, 'Hukuishika vizuri.' Na kweli sikuishika. Nilikuwa namtazama bibi harusi, kama kila mtu. Ngoma ikishikwa vizuri kwa goti inabeba fahali."

"Kwa hiyo si ngozi unayoiogopea."

"Naogopa goti langu, mpumbavu wewe. Siyo tumbo lako."

Wageni wengine wakaingia, tukaanza kutukanana kama kawaida.

9 Novemba

Harusi. Naandika alfajiri ya tarehe kumi, kichwa kinalia zumari.

Mwanangu alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau kujisifu kwa saa nzima. Vane, bwana harusi, alitetemeka kama jani la mti wa poplari, nikampenda hapo hapo.

Baada ya kanisa, uani kwetu, wameileta mizani juu ya trela, imefungwa utepe mweupe kama bibi harusi wa pili. Watu wakafanya duara. Mimi nimevaa mavazi ya babu: fulana nzito ya sufu, mshipi mwekundu wa kuzungushwa tumboni mara nyingi, viatu vya ngozi. Nikapanda.

"Mia na kumi na tatu!" mke wa padri akasoma. Yeye ndiye aliyechaguliwa, hakuna anayemwamini mtu mwingine tena.

"Vua mshipi!" watu wakapiga kelele.

Nikauzungusha mshipi, Despina akashika ncha akakimbia nao uani akicheka, ukamfunga Vane.

"Mia na kumi na mbili!"

"Vua fulana!"

Nikavua fulana. Nikavua viatu. Chupa ya rakija mfukoni ikatoka, saa ya mkono ikatoka, soseji niliyoificha kwa dharura ikatoka, hapo walishindwa kupumua kwa kicheko.

"Mia na kumi na moja."

Nimebaki na shati na suruali, miguu mitupu kwenye bamba la baridi la Novemba. Hakuna cha kuvua bila kumfukuza padri.

"Toa maneno!" Trena akapiga kelele. "Uyateme yote, utafika tisini!"

Nikacheka nao. Nikahisi uso wangu unacheka, nikaujua uso huo, nilishauona kwa mtu mwingine, uani hapahapa. Nikageuza mguu mmoja nishuke.

"Subiri," akasema Mitre. Akaja na ngoma begani, akasimama karibu sana na mizani, akainama kama anayesoma namba kwa macho mabovu. "Mama padri, hebu soma tena. Ukungu huu unaingia kwenye mashine."

Mimi peke yangu, kutoka juu kule, niliona ncha ya kiatu chake chini ya bamba, inasukuma juu.

Mke wa padri akasoma. Akamtazama Mitre. Akasoma tena kwa sauti iliyofika ng'ambo ya ziwa: "Mia moja na tisa!"

"Mizani imesema," akasema Mitre, na akapiga ngoma pigo moja tu.

Zumari zikaanza. Tukashikana mabega. Sitauelezea Mzito, miguu ndiyo inaujua. Najua tu kwamba hewa ilinitosha, kitu ambacho Septemba kisingewezekana, na kwamba nilipofika katikati Mitre alipiga goti, akalaza ngoma, akaikumbatia kwa goti na kifua, akaniangalia mimi. Mimi tu. Vasilka alikuwa upande wangu wa kulia, mkono mdomoni.

Nikainua mguu. Nikausubirisha hewani kidogo, kwa ajili ya mtu.

Kisha nikapanda. Ngozi ikanipokea, ikabonyea, ikakaa. Chini ya wayo nilisikia moyo wa Mitre unavyopiga.

Baba, mguu wako umetua.

10 Novemba, jioni

Ngozi imechanika upana wa kidole. Mitre anasema sauti imekuwa nzuri zaidi, na kwamba goti lake ni kosa langu. Ameniomba mama wa siki kwa ajili ya maumivu. Nimemwambia sitoi. Nimeacha mlango wa ghala wazi, na sasa ngoja nikaangalie kuku.